Mguu wa Adventina

Kidonda cha Adventina kilianza kunuka msimu wa kupanda maharage. Kabla ya hapo kilikuwa kidonda tu, cha miaka mingi, na watu wa Kirushya walikuwa wamekizoea kama walivyomzoea mwenyewe. Alipokuwa binti mdogo kifafa kilimkamata jikoni, mama yake akiwa migombani, akaangukia mafiga. Mguu wa kushoto uliungua kuanzia kifundo hadi katikati ya muundi. Ulipona ukabaki na kovu gumu, linalong'aa, ambalo kila kiangazi lilipasuka na kila masika likafunga. Mwaka huo halikufunga. Nyama ilichomoza pembeni kama uyoga, ikawa inatoa damu ikiguswa na khanga.

Sasa Adventina alikuwa mwanamke mzima, amevuka miaka ishirini na mitano, mrefu, mwenye meno mazuri. Maneno hakuwa nayo. Homa ya utotoni ilimletea degedege, degedege ikamwachia kifafa, na akili yake ikabaki palepale ilipokutwa na homa. Neno alilokuwa nalo ni moja, "mawe", ambalo kwa Kihangaza ni kumwita mama, naye alilitumia kwa njaa, kwa furaha, kwa mvua, hata kwa mbuzi aliyekata kamba. Mengine yote aliyasema kwa miguu. Akishakunywa uji aliondoka, akapita kati ya mashamba ya watu bila kukanyaga mche hata mmoja, akashuka hadi barabarani, akasimama kutazama bodaboda zikipandisha mlima wa kwenda Ngara, kisha akarudi. Akiwa na hasira alikwenda haraka. Akifurahi alizunguka nyumba mara kadhaa kabla ya kuingia. Siku alipofiwa na bibi yake alitembea mpaka jioni, wakamkuta kijiji cha pili ameketi chini, nyayo zimevimba.

Genoveva, mama yake, alimlea peke yake. Mumewe, Juvenali, aliondoka Adventina akiwa na miaka minane, mwaka uleule wa kuungua. Alisema anakwenda Biharamulo kutafuta kazi, na kazi aliipata, pamoja na mke mwingine.

Harufu ya kidonda ilipowafukuza majirani kwenye benchi la kanisani, Genoveva alimpandisha binti yake kwenye bodaboda wakaenda hospitali. Daktari aliyewapokea aliitwa Yuster, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alikata kipande kidogo cha nyama akakipeleka kupimwa. Majibu yaliporudi aliwaita, akafunga mlango.

"Mama, hii ni saratani," alisema. "Huwa inatokea kwenye makovu ya moto ya zamani. Afadhali ni kwamba bado iko mguuni. Haijapanda. Tukiukata hapa," akaweka ukingo wa kiganja chini ya goti la Adventina, "anaweza kuishi mpaka azeeke."

Adventina alidhani anatekenywa. Akacheka, akaurudisha mguu ili daktari amguse tena.

"Na msipoukata?"

"Itapanda."

Genoveva aliutazama mguu ule. Alijua kila mahali ulipopita. Alijua pia, na hili hakuwahi kumwambia mtu, kwamba kuna jioni alizokuwa akimtafuta Adventina vichakani, mvua inanyesha, mgongo unauma, akawaza: kama asingeweza kutembea ningepumzika. Wazo lile lilimjia tena pale mbele ya daktari, akaliogopa kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa na asiyemjua.

"Kateni," alisema.

Wakamlaza wodini. Genoveva akatia sahihi ya kukubali, akatandika khanga sakafuni kando ya kitanda, akangoja. Lakini Ngara si mji mkubwa, na sokoni palikuwa na dada yake Juvenali aliyeuza dagaa. Kabla siku ya upasuaji haijafika, Juvenali mwenyewe alitokea mlangoni mwa wodi, amevaa koti la suti na kofia, ndevu zimeingia mvi. Adventina alimtazama kama anavyotazama bodaboda. Hakumjua.

"Ni kweli mnataka kumkata mwanangu?" aliuliza.

Genoveva alisimama. "Karibu, baba Adventina. Umepotea njia?"

"Sikuja kugombana. Nimeuliza."

Daktari Yuster alimweleza kila kitu, kwa subira, kama alivyomweleza mama. Juvenali alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia.

"Daktari, mimi sikubali. Mimi ndiye baba yake. Na huyu mama ni mke wangu wa ndoa ya kanisani, haijavunjwa na yeyote. Mkimkata bila mimi, tutaonana mahakamani."

Siku hiyohiyo jina la Adventina liliondolewa kwenye orodha ya upasuaji. Daktari alimwita Genoveva ofisini, na humo alikuwamo Anold, afisa ustawi wa jamii, kijana mpole aliyeshika kalamu bila kuandika.

"Mama, nielewe," daktari alisema. "Angekuwa anamwagika damu, ningekata sasa hivi na kuulizwa baadaye. Hii si dharura ya namna hiyo. Kwa macho yangu ni dharura. Kwa macho ya sheria, kuna wazazi wawili, mmoja anasema ndiyo, mwingine hapana, na mgonjwa mwenyewe ni mtu mzima."

"Mtu mzima gani? Mimi ndiye ninayemwogesha."

Anold akakohoa. "Mama, mtoto huamuliwa na mzazi wake. Mtu mzima huamua mwenyewe. Adventina si mtoto, na kuamua hawezi. Katikati ya hapo ndipo mlipokwama."

"Miaka yote nimemnywesha dawa za kifafa. Asubuhi na jioni. Hakuna aliyewahi kuniuliza nimepewa ruhusa na nani."

"Hakuna aliyeuliza kwa sababu hakuna aliyepinga," Anold alisema. "Sasa amepatikana wa kupinga. Kuna njia mbili. Umbembeleze mzee akubali, au tuiombe mahakama ikupe wewe mamlaka ya kumwamulia."

Genoveva alichagua kubembeleza kwanza. Walirudi Kirushya, akamwacha Adventina kwa jirani yake Secilia, akapanda basi la kwenda Lusahunga, huko upande wa Biharamulo.

Juvenali alikuwa na kibanda cha kuziba pancha pale malori yanayotoka mpakani Rusumo yanaposimama. Mke wake mwingine alikaanga chapati upande wa pili wa barabara, na alipomwona Genoveva aliinamisha uso, akaongeza mafuta ambayo hayakuhitajika. Juvenali alimpa mgeni wake kigoda. Malori yalipita, wakawa wanasema kwa kukatiza.

"Baba Adventina, mtoto atakufa."

"Hatakufa. Tumemwombea. Nimehakikishiwa atapona akiwa mzima, na viungo vyake vyote."

"Umehakikishiwa na nani?"

"Kwenye maombi."

"Daktari ameona kwa mashine."

"Daktari ameona nyama."

Genoveva alisogeza kigoda. Alikuwa ameapa njia nzima kwamba hatasema neno la zamani, lakini lilimtoka. "Ulitukimbia kwa sababu ya mtoto huyuhuyu. Leo ndiyo umeupenda mguu wake?"

Juvenali alifuta mikono kwenye tambara jeusi, polepole, kidole kimoja baada ya kingine.

"Nilikimbia kwa sababu sikuweza kumtazama akianguka," alisema. "Kila alipoanguka nilitamani asiamke. Unasikia? Mimi, baba yake. Nikaona nitakuja kufanya jambo. Nikaondoka. Mungu amenisamehe hilo, na amenipa nafasi ya kumtetea mara moja. Usiniombe nisaini akatwe. Sisaini."

Wakati wa kurudi, Genoveva aliegemeza kichwa kwenye kioo cha basi. Alikuwa amekwenda kumtafuta mtu mbaya, akakosa. Mtu mbaya hubembelezwa, hutishwa, hata hununuliwa. Anayeamini anatenda mema utamfanya nini?

Basi yeye na Anold wakaenda mahakamani.

Karani wa mahakama ya mwanzo aliwasikiliza vizuri, akatoa kitabu kinene, akakirudisha. "Maombi ya mtu asiye na akili timamu tunayajua," alisema. "Huwa ndugu wanaomba kusimamia mali zake. Ana mali gani?"

"Hana."

"Shamba? Nyumba? Ng'ombe?"

"Ana mguu, baba," Genoveva alisema. "Ndio ninaouombea."

Karani alimtazama Anold kuona kama ni dharau. Alipoona si dharau aliinamisha kichwa. Akasema jambo hilo limezidi kimo chao, liende mahakama ya juu, kwa hakimu mwingine. Anold akaandika maombi upya. Hakimu wa huko alikuwa likizo. Aliporudi, alitaka Juvenali apelekewe wito. Juvenali hakutokea mara ya kwanza. Mara ya pili alituma habari kwamba anaumwa, na huenda kweli alikuwa anaumwa. Kila shauri lilipoahirishwa Genoveva alipanda bodaboda kurudi Kirushya, na kila aliporudi maharage yalikuwa yamebadilika: yalitoa ua, yakatoa ganda, majani yakaanza kugeuka manjano.

Na Adventina alikuwa bado anatembea. Alichechemea, lakini alikwenda. Kidonda kilifungwa kwa vitambaa vilivyochemshwa, na nzi walimfuata kama watoto wanavyomfuata muuza barafu. Barabarani wenye bodaboda waliacha kumsalimia. Walijisogeza. Yeye aliona wanajisogeza, akadhani wanampisha, akapita katikati yao kwa furaha.

Siku ya kusikilizwa ilifika maharage yakiwa yameng'olewa na kuanikwa. Hakimu alikuwa mwanamume mtaratibu, mgeni katika mkoa, anayeandika kila neno kwa mkono. Daktari Yuster alikuja akaeleza, akasema kwamba kila wiki inayopita inamtia hofu. Kisha akasimama Juvenali.

"Mheshimiwa, mimi sina elimu," alisema. "Lakini binti huyu hana mdomo. Hana akili ya kusoma wala kuhesabu. Mungu alimwachia kitu kimoja, kutembea. Muulizeni kijiji kizima. Mkimkatia hicho, mmemwachia nini? Na nitasema tena, ingawa ni neno baya. Akikatwa mguu, mama yake hatamfukuza tena vichakani. Atakaa mlangoni kama chungu. Ni nani atakayepumzika, mtoto au mama?"

Genoveva alitaka kupiga kelele kwamba ni uongo, akashindwa kwa kuwa haukuwa uongo wote. Juvenali alikuwa ameutia mkono gizani akaushika moyo wa mkewe bila kujua ameshika nini.

Hakimu akamgeukia Adventina, aliyekuwa ameketi kando ya Anold akichezea kifungo cha gauni. "Adventina, unajua kwa nini uko hapa?"

"Mawe," Adventina alisema.

Hakimu aliacha kuandika. "Mawe? Kuna watu wanampiga mawe?"

"Hapana, mheshimiwa," alisema karani. "Ni Kihangaza. Anamwita mama yake."

Hakimu akaandika. Akamgeukia Genoveva.

"Mama, kuna mtu aliyejaribu kumweleza binti yako kitakachofanyika?"

"Nimejaribu, mheshimiwa. Nilimfunga kitambaa chini ya goti nikamwonyesha kwa kijiti. Alidhani tunacheza. Akanifunga na mimi."

"Kama angeweza kusema, unafikiri angetaka nini?"

Anold alikuwa amemfundisha jibu la swali hilo. Lilikuwa jibu zuri, fupi: angetaka kuishi. Genoveva alifungua kinywa alitoe, akamwona Adventina akimtabasamia.

"Angetaka kutembea, mheshimiwa," alisema.

Anold akafumba macho. Juvenali akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeshinda bila kufurahi.

"Na angetaka kuishi pia," Genoveva aliendelea. "Angevitaka vyote viwili. Angetanguliza kipi, sijui. Mimi ni mama yake, nimemzaa, nimelala naye kitanda kimoja mpaka leo, na sijui. Anayejua humu ndani asimame aseme."

Nje bodaboda moja iliwashwa, ikakataa, ikawashwa tena.

Hakimu alisema atatoa uamuzi baada ya kutafakari. Alipoutoa, aliutoa kwa upande wa Genoveva. Alisema baba hakukosea kumtetea binti yake, lakini anayemjua mgonjwa kwa kumhudumia kila siku ndiye aliye karibu zaidi na mapenzi yake, hata kama mapenzi hayo hayasikiki. Genoveva akapewa mamlaka ya kumwamulia Adventina mambo yote ya tiba. Juvenali aliusikiliza uamuzi akiwa amesimama, akavaa kofia yake humohumo mahakamani, karani akamwambia aivue, akaivua, akatoka.

Kutoka mahakamani walikwenda moja kwa moja hospitali. Adventina alichoka njiani, jambo ambalo halikuwahi kutokea, na Anold akalazimika kumshika mkono. Daktari Yuster aliwakumbatia wote kwa furaha, akamlaza Adventina kitandani kumpima upya kabla ya kupanga siku. Alipapasa kifundo, akapapasa goti, akapandisha mkono mpaka kinenani. Mkono ukasimama hapo.

"Huu mtoki umetokea lini?" aliuliza.

Genoveva hakujua. Aliona uvimbe kama yai la kanga chini ya ngozi, na alipougusa ulikuwa mgumu kama kokoto.

Wakampiga picha ya kifua. Daktari aliitazama mwangani, akaishusha, akaitazama tena. Kisha akavuta kiti.

"Keti, mama."

"Nimekuja na amri ya mahakama."

"Najua."

"Wamenipa mimi. Nimekubali ukatwe. Leo hii."

"Mama, imepanda. Iko kinenani, na kuna madoa kwenye mapafu. Nikikata mguu sasa nitamwongezea maumivu, na haitasaidia."

"Basi kata juu zaidi. Kata wote."

"Hata nikikata mpaka nyonga sitaifikia." Daktari akaiweka picha mezani. "Ningekata siku ile. Alipokuwa amelala pale wodini na wewe umetia sahihi. Nilimwogopa mzee na mahakama yake. Nisamehe."

Genoveva alitaka kumchukia, akajaribu, akakosa nguvu ya kufanya hivyo. Aliuliza tu kama anaweza kwenda na binti yake nyumbani.

"Ni wewe unayeamua," daktari alisema, na mara tu aliposema akajutia maneno yake.

Nyumbani Adventina alitembea kwa siku chache zaidi. Alifika kwa Secilia, baadaye akafika migombani tu, baadaye mlangoni. Mguu ulivimba mpaka ngozi ikawa kama ya mtu mwingine. Muuguzi wa wagonjwa wa majumbani, Theodosia, mama wa makamo aliyesema kwa kuchanganya Kihangaza na Kiswahili, alikuja kwa bodaboda na chupa za mofini ya maji, dawa ya maumivu makali. Alimfundisha Genoveva kuipima kwa bomba lisilo na sindano na kuiminya pembeni ya ulimi. Mwanzoni dawa ilimtuliza. Adventina alilala, akaamka, akala ndizi zilizopondwa, akamvuta mama yake nguo akionyesha mlango. Genoveva alimbeba mgongoni, mwanamke mzima yule, miguu ikiburura, akamzungusha nyumba mara moja. Mara ya pili hakuweza. Akaanguka naye kwenye majani makavu ya migomba, wakabaki hapo mpaka Secilia alipowaona.

Juvenali alikuja mvua zikiwa zimeanza. Hakuwa na koti la suti. Alisimama uani, harufu ikampiga, akaegemea mgomba.

"Genoveva," alisema. "Nimekubali. Wamkate."

Mkewe alikuwa amepiga magoti mlangoni, anafungua vitambaa. Hakugeuka.

"Nimefunga na kuomba mpaka nikaishiwa," Juvenali alisema. "Sikusikia kitu. Labda tangu mwanzo sikusikia kitu. Twende hospitali, nitasaini mimi."

"Shika beseni," Genoveva alisema.

"Nasema nimekubali."

"Nimekusikia. Shika beseni."

Akashika. Alishika kwa mikono miwili, na mkewe akaosha kile ambacho hapo zamani kilikuwa muundi. Juvenali aliona mfupa. Beseni liliinama, maji yakamwagikia viatu vyake, hakuliachia. Baada ya siku ile hakurudi Lusahunga. Alilala kwenye kibanda cha kuhifadhia maharage, alikata kuni, alichota maji, na hawakuzungumza zaidi ya yaliyohitajika.

Kisha ikafika siku ambayo dawa haikumtosha tena. Adventina alikuwa ameuma khanga mpaka ikatoboka. Hakulia kwa sauti. Alitoa mlio mmoja mwembamba usiokoma, kama wa mlango unaosukumwa na upepo, na macho yake yalimtafuta mama yake chumba kizima ingawa mama alikuwa amekaa hapohapo. Theodosia alimpima mapigo, akamwangalia Genoveva.

"Mama Adventina, dozi hii imemshinda. Naweza kuongeza. Lakini nikuambie ukweli. Nikiongeza atalala sana, na kwa hali yake hii huenda asifumbue macho tena akatambua watu. Dawa haimuui, ugonjwa ndio unaomuua. Ila kama kuna la kumwambia, au unataka kukaa naye hivi kidogo, ni sasa. Nisipoongeza, atabaki hivi unavyomwona. Unasemaje?"

"Unaniuliza mimi?"

"Ni wewe uliyepewa na mahakama."

Genoveva aliinua macho. Alikuwa ameyatafuta mamlaka yale kwa msimu mzima, amepanda mlima wa Ngara mpaka watu wa mahakama wakamjua kwa jina. Sasa angempa yeyote apitaye njiani.

"Baba Adventina," aliita. "Njoo."

Juvenali alikuja akasimama kizingitini.

"Umesikia anachouliza muuguzi. Sema."

Juvenali alianza kupangusa matope miguuni.

"Sema! Mbele ya hakimu ulikuwa na maneno. Hospitali ulikuwa na maneno. Huyu hapa mtoto wako. Aongezewe au asiongezewe?"

"Amua wewe," alisema kwa sauti isiyosikika vizuri.

"Nimekuita kwa kuwa wewe ni baba yake!"

"Siwezi, Genoveva. Siwezi." Akatoka uani, wakasikia akiketi kwa kishindo nyuma ya ukuta.

Mlio wa Adventina uliendelea. Genoveva alimfuta jasho. Alijaribu kufikiri angetaka nini, kama hakimu alivyouliza, akakuta nafsi yake mwenyewe imejaa mlangoni, haiachi kitu kingine kipite: amechoka, amechoka kiasi kwamba anataka kimya kije kwa njia yoyote. Hakuweza kujua kama anamwonea huruma binti au anajionea huruma mwenyewe. Alingoja kidogo vitengane. Havikutengana.

"Ongeza," alisema.

Alitaka aiminye yeye mwenyewe. Theodosia alipima, akampa bomba mkononi. Adventina alimeza, akakunja uso kwa uchungu wa dawa, kama alivyokunja uso kwa dawa zote tangu utotoni. Baada ya muda mlio ukapungua, ukakatika. Mikono yake ikalegea kwenye khanga. Alilala siku hiyo na iliyofuata, anakoroma taratibu, na mchana wa siku ya gulio, Juvenali akiwa amekwenda kuchota maji, pumzi ikasita, ikarudi, ikasita isirudi.

Walimzika kando ya migomba. Padri alisema maneno mazuri. Watu walipotawanyika maneno mengine yakabaki: wapo waliosema baba amemuua kwa dini, na wapo waliosema mama amemmaliza kwa dawa ya hospitali, mbona alikunywa akalala hapohapo. Genoveva aliyasikia yote mawili. Juvenali alikaa mpaka matanga yalipoisha, akasimama asubuhi moja akiwa na mfuko wake, akasema anakwenda. Mkewe akasema haya. Hakumsindikiza.

Siku chache baadaye Theodosia alikuja kuchukua chupa ya mofini iliyobaki, kwa kuwa haikuruhusiwa kukaa kijijini. Aliketi kidogo kama adabu inavyotaka. Walizungumzia mvua. Alipokuwa anapanga begi lake, Genoveva alimuuliza swali alilokuwa nalo tangu siku ile.

"Dada, wewe ulikuwepo. Uliniona. Nilimwamulia yeye, au nilijiamulia mimi?"

Theodosia aliiweka chupa begini, akaitoa, akakaza kifuniko, akairudisha.

"Mama Adventina," alisema, "sijui."

Genoveva aliitikia kwa kichwa. Mwenye bodaboda alikuwa anapiga honi njiani, mawingu yamefunga upande wa Burundi. Aliinuka, akaingia jikoni, akamtafutia mgeni wake mkungu mdogo wa ndizi wa kwenda nao.